Kitovu Juu ya Friji

Wewe hapo, kitovu chako kimezikwa wapi?

Usigeuke nyuma, nakuuliza wewe. Unajua au hujui? Ehe, umeanza kucheka. Vijana wa siku hizi ukiwauliza hivyo wanacheka, halafu wanakwenda kumpigia mama yao simu kwa siri wamuulize. Mimi changu najua kilipo. Kiko chini ya kizingiti cha nyumba ya babu yangu, kijijini kwetu huko Tabora. Nyumba yenyewe ilishaanguka, paa limeliwa na mchwa, lakini jiwe la kizingiti lipo palepale na mbuzi wa jirani wanalala juu yake. Changu kipo hapo, cha mama yangu hapo, vya wanangu wote hapo. Mtu wetu hata akifia Kigoma, anajua kwao ni wapi.

Sasa nikueleze nilivyopigana vita kwa ajili ya kitovu. Vita kabisa, mwenzangu. Na nilipigania Dubai, mimi mwanamke wa darasa la pili, kwenye nyumba yenye sakafu inayoteleza kama kambale!

Kijana wangu wa mwisho yuko Dubai miaka mingi. Kazi yake iko Deira, anafunga mizigo ya watu. Wafanyabiashara wetu wakishanunua vitu vyao soko la Naif, mashuka, viatu, masufuria, wanampelekea yeye anawafungia na kuwasafirishia. Akaoa hukohuko. Binti mwenyewe mzuri, sina baya la kumsema, kazaliwa Dubai ila ukoo wao ni watu wa Unguja. Wakapata mtoto wa kike. Huyo alizaliwa mimi sipo, na kitovu chake nikaambiwa kilitupwa hospitali. Nikanyamaza, nikameza. Mimba ya pili ilipoingia nikamwambia mwanangu kwenye simu, "Sikiliza. Hiki cha sasa hakitupwi. Nitumie tiketi nije nikichukue mwenyewe."

Akasema, "Mama, si useme unakuja kumuona mjukuu?"

Nikamwambia, "Na huyo nitamuona."

Basi nikaenda. Nilidhani nakwenda kwa mwanangu. Kumbe mwanangu anakaa kwa mama mkwe wake! Hilo hakunitajia hata siku moja, mtoto wa tumbo langu. Nyumba iko Rashidiya, karibu na uwanja wa ndege, nyumba ya zamani yenye ukuta mrefu na uani mna mlimau mmoja. Na mwenye kauli humo ndani ni huyo bibi mwenzangu. Mrefu, meno mawili ya dhahabu, na bakora mkononi. Bakora hiyo haimsaidii kutembea, anatembea vizuri kuliko mimi. Kazi yake ni kuelekezea watu.

Siku ya kwanza tu akaielekeza kwenye mfuko wangu. "Nini hichi?"

"Uyoga mkavu."

"Unaliwa?"

"Na watu wanaojua kula."

Akacheka kwa pua. Akamgeukia binti yake, akasema kana kwamba mimi sipo, "Mkwe wako kaja na takataka za msituni. Weka nje, nyumba isinuke." Uyoga wangu ukalala uani. Asali yangu nayo, asali ya nyuki wadogo niliyoibeba mapajani kama mtoto, akaonja kwa ncha ya kidole, akasema ina moshi. Nikamwambia, "Ina moshi kwa sababu nyuki wana akili, hawatoi vitu bure kama kuku." Akaniangalia. Nikamwangalia. Hapo ndipo vita vilipoanza, na nakwambia kweli, mwili wangu ulichangamka! Nilikuwa sijapata mtu wa kugombana naye vizuri tangu mume wangu afariki.

Binti alipojifungua tukagombana kwa kila kitu. Yeye anampikia mzazi uji wa pilipili manga, mimi nampikia uji wa karanga, mzazi wa watu anakunywa bakuli zote mbili asimuudhi mtu, akavimba mashavu. Mimi namkanda kwa maji ya moto, yeye anasema nimemuunguza mwanawe. Yeye anawasha kiyoyozi mpaka meno yangu yanagongana, mimi nazima. Anawasha. Nazima. "Wewe bibi wee," ananiambia, "nje kunaungua, wataka tufe?" Namwambia, "Nje kunaungua, ndani kunagandisha, nyie watu mnaishi wapi hasa?"

Lakini nikwambie ukweli, nyuma ya ugomvi ule nilikuwa naumwa. Naumwa kwetu. Dubai hakuna harufu. Unafungua dirisha huna unachonusa, si moshi, si mvua, si kinyesi cha mbuzi. Na ndege zinapita juu ya paa, moja inaondoka nyingine inatua. Mimi kila ikipita natoka uani naangalia tumbo lake jeupe, najiuliza, hii inakwenda kwetu? Siku moja bibi mwenzangu akanikuta nimeinua shingo hivyo. Akasema, "Ukiitaka ipungie mkono, itasimama ikuchukue." Maneno hayo! Sijayasahau.

Haya. Kitovu.

Mjukuu alikuwa wa kiume. Sasa wewe unajua mtoto wa kiume kitovu chake hakiachwi kidondoke hovyo. Kikimdondokea pale chini, ukubwani atakuja kutafutiwa dawa. Kwa hiyo mimi nakilinda. Namkagua kila ninapomwogesha. Na yule bibi naye anakilinda, amesimama mlangoni na bakora yake. Tulikuwa kama mwewe wawili juu ya kifaranga kimoja.

Asubuhi hiyo nikafungua nepi, nikakiona kimelala pembeni, kikavu, cheusi, kama punje ya karafuu. Nikapiga kigelegele. Kigelegele chenyewe ndicho kilichoniponza. Nimeinama kukiokota, mkono wenye bangili ukapita chini ya kwapa langu, ukakichukua!

"Lete," nikasema.

"Nyumba yangu, mjukuu wangu, kitovu changu."

"Mjukuu ni wa ukoo wa baba. Kitovu kinakwenda kwao!"

"Kwao wapi? Msituni? Kikalale na uyoga?"

Nikamkamata mkono. Wallahi nilimkamata. Ana nguvu mwanamke yule! Tukavutana, mtoto kitandani analia, mzazi anapiga kelele, "Mama! Bibi! Khalas! Basi, khalas!" Kitovu kikatuponyoka kikaanguka kwenye zulia. Binti wa watu akakiokota yeye, machozi yanamtoka, akasema, "Hii ni ngozi imekufa tu. Naitupa kwenye pipa, tumalize."

"Usithubutu!"

Tulisema kwa pamoja, sauti moja, mimi na adui yangu. Ndiyo mara ya kwanza tuliwahi kukubaliana, na ilitukera wote wawili.

Mwanangu aliporudi kazini akashitakiwa na pande zote. Yule mtoto tangu zamani ni mwoga. Ukimpa nyama mbili achague anaweza kulala njaa. Akakitia kitovu kwenye kopo la iliki, akaweka kopo juu ya friji, akasema, "Asiguse mtu. Nitaamua Ijumaa." Ijumaa ikaja akasema ana mzigo mkubwa Deira. Ijumaa nyingine akasema anaumwa kichwa. Sisi tumekaa jikoni kila mtu na kiti chake, tunalitazama lile kopo. Bibi mwenzangu akienda kuswali, mimi namvizia akirudi. Nikienda kuoga, naacha mlango wazi kidogo. Chai tulikuwa tunakunywa bila iliki, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake apande pale juu.

Na viza yangu ilikuwa inakaribia kuisha.

Kulikuwa na huyu mjukuu wangu mkubwa, yule wa kike. Ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Akitoka shule anakuja kukaa miguuni kwangu jikoni, mimi namchambulia karanga. Kiswahili chake cha bibi yake, kimechanganyika na Kiarabu na Kiingereza, lakini masikio yake ni yangu. Siku moja akaniuliza, "Bibi, kwa nini mnagombania kile kidude?"

Nikamwambia, kaa vizuri nikusimulie.

Nikamsimulia habari za bibi yake bibi yangu, kama nilivyosimuliwa na bibi yangu, aliyesimuliwa na mwenyewe. Zamani zile kabla Mjerumani hajafika, kwetu kulikuwa na vita. Watemi wanapigana wao kwa wao, halafu wanapigana na watu wa pwani kwa sababu ya njia ya pembe za ndovu. Wanaume wote walikuwa wamekwenda na mtemi. Kijijini wamebaki wazee na wanawake. Bibi huyo alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mama yake mzazi ndiye aliyekuwa anamlea. Kwetu mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Ndiyo mila. Lakini vita havijui mila. Kuni ziliisha, moto wa mzazi unakufa, mvua inanyesha. Mama yake akamwambia, "Nenda hapo karibu tu, ukate kuni urudi." Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

"Na kitovu bado?" mjukuu akauliza.

"Bado kinaning'inia."

"Haram!"

"Ndiyo hivyo. Yuko msituni anakata kuni akasikia bunduki kijijini. Akaona moshi. Akakimbilia upande wa pili, na huko ndiko walikokuwa rugaruga, wale wapiganaji. Wakamkamata na wanawake wengine. Wakawaswaga mpaka mjini, kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa pwani, mwenye misafara. Njiani kitovu kikadondoka. Mwanamke waliyefungwa naye kamba moja akamwambia, 'Kifukie hapo kwa kidole cha mguu, twende.' Akasema, 'Nikikifukia hapa mwanangu atakuwa mtu wa njiani maisha yake yote.' Akachana kipande cha nguo yake, akakifunga humo, akakivaa kiunoni chini ya shanga."

Mjukuu ameacha kutafuna karanga.

"Kwa yule tajiri alikuwa anatwanga. Mtama wa msafara mzima. Wakikiweka kinu hapa, yeye anakizunguka mpaka uso wake uelekee kwao, ndipo anaanza kutwanga. Wakikihamisha, anakizunguka tena. Mke wa tajiri akamwona ana fundo kiunoni, akamwambia, 'Nini hiyo, uchawi? Wataka kuturoga?' Akamjibu, 'Ni mwanangu.' 'Mwanao si yule anacheza pale?' Akasema, 'Yule ndiye aliyekuja. Huyu ndiye atakayerudi.'"

"Akarudi?"

"Ngoja. Alikaa pale mpaka mtoto akang'oka meno kama wewe. Vita vikapoa, tajiri akafunga vitu vyake akarudi pwani. Bibi akamshika mtoto mkono, wakatembea. Kufika, boma limeungua, majani yameota mpaka hapa kifuani. Hakuna mtu. Lakini akaona moshi mdogo. Akaufuata. Akamkuta mama yake, mzee kabisa, kakaa mbele ya kibanda. Watu wote walihama, yeye alikataa kuhama. Unajua alimwambia nini?"

"Alilia?"

"Hakulia. Alimwangalia juu mpaka chini akamwambia, 'Kuni ziko wapi?'"

Mjukuu akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Maana yeye ndiye aliyemtuma. Miaka yote ile amekaa na jambo hilo kooni. Bibi akageuka, akaingia msituni na mtoto wake, akakata kuni, akarudi nazo kichwani, akazitua miguuni kwa mama yake. Hapo ndipo wakalia. Halafu wakakizika kitovu pale mlangoni. Na ndipo tunapozika vyetu mpaka leo."

Kumbe mwenye nyumba yuko koridoni muda wote, anasikiliza! Nikasikia bakora, ko, ko, ko. Akaingia kavaa kanga ya nyumbani.

"Unamfunza nini mtoto? Kuwa watu wa pwani wezi wa watu? Mie babu wa babu yangu kenda bara na misafara, katajirika kwa jasho lake, muungwana, kila mtu akimjua!"

"Alikuwa anapeleka nini huko bara, maandazi?"

"Akifanya biashara!"

"Biashara! Na mtama wake nani alikuwa anamtwangia? Malaika?"

Akapiga bakora sakafuni, mtoto akashtuka. "Na mie je?" akasema. "Na mie nani kanisimulia hadithi? Miye hadithi yangu sikuhadithiwa, niliiona! Mwaka wa mapinduzi nilikuwa mdogo kama huyu. Tumetoka kwa mlango wa uani, mama kanishika mkono huu, kanambia usigeuke. Baba alibaki akifunga mlango. Tokea siku ile sijamuona baba yangu, hata kaburi lake silijui. Kitovu changu kiko chini ya baraza ya nyumba yetu, Unguja, na juu yake leo wanakaa watu wasonijua, wanaanika suruali zao. Watu wenu hao! Wa bara!"

"Mimi sikuwepo!"

"Na mie sikuwepo kwenye mtama wenu!"

Kila mtu anahema. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyoniuma kuliko ile ya juu, "Kitovu kikenda, mtoto hufata. Hili walijua wewe na nalijua mie. Akifata yeye, mama yake hufata. Mie nshaachwa mlango wa uani mara moja. Hichi hakendi pahala. Kitalala chini ya mlimau wangu, khalas."

Hasira ikanijaa. Nikainuka, nikaenda nikazima kiyoyozi.

Sasa usidhani tukapatana. Nani kakwambia? Kesho yake akamwaga maji ya bizari kwenye kitenge changu, akasema mkono umeteleza. Nami nikapika uyoga. Nikaupika na karanga, mlango wa jikoni wazi, harufu ikajaa nyumba nzima mpaka kwenye mapazia yake. Akapita amejifunga mtandio puani kama anapita jaani. Mjukuu wangu mkubwa na mwanangu walikula mpaka wakalamba sahani. Akawaambia, "Kuleni, mkifa msinililie."

Siku ya kuondoka ikafika. Mwanangu hajaamua kitu. Nikajiambia, Ijumaa haitakuja. Nitakichukua mwenyewe. Nimekuja kwa tiketi ya kitovu, siwezi kurudi na mikono mitupu mbele ya jiwe lile. Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba nilimwachia mjukuu wetu awe mtu wa njiani kwa sababu ya bibi mwenye meno ya dhahabu?

Nikaamka kabla ya adhana. Nikavuta kiti taratibu. Nikapanda, magoti yanalia kama mlango. Nikalishika kopo. Nikalitikisa, linatoa sauti. Nikalifungua pale pale juu ya kiti.

Iliki tupu.

Nikatia mkono. Iliki. Nikaimwaga juu ya friji, nikaipekua punje kwa punje. Iliki!

"Mwizi!" Yuko mlangoni. Mikono yake ina udongo mpaka kwenye bangili, na ameshika upawa wa pilau.

"Mwizi wewe! Kiko wapi?"

"Kiko wapi unaniuliza mie? Wewe ndiye uko juu ya kiti!"

Nikachungulia dirishani, nikaona chini ya mlimau shimo limechimbwa kwa upawa, limekaa wazi, halina kitu. Alikuwa amechimba kwanza, ndipo aje kukichukua. Nikamwangalia uso. Akaangalia kopo. Uso ukamwanguka, mwenzangu, ukawa wa mtoto mdogo. Hapo nikajua hakukichukua yeye. Na yeye akaona mikono yangu mitupu, akajua si mimi.

Mayo, mama yangu! Tulilia kilio kimoja. Nyumba nzima ikaamka. Mwanangu katoka na shuka. Tukamgeukia yeye, mimi kulia, bibi mwenzangu kushoto.

"Umekitupa!" nikamwambia.

"Umekipeleka Deira ukakifunga na masufuria ya watu!" akamwambia.

"Wazee wangu, mimi sijagusa," anasema, anarudi nyuma mpaka ukutani. Mkewe naye anaapa, mtoto kwapani.

Ndipo huyu mjukuu wangu wa kike akatoka chumbani. Kashavaa sare za shule, nywele hazijachanwa. Akatuangalia wote, akasema, "Kipo."

Akapandisha shati. Kiunoni ana kipande cha kitambaa, kimefungwa fundo pembeni. Nikakitambua, ni kitenge changu kile kilichoharibiwa na bizari, kachana pindo. Kumbe amekivaa siku zote hizo! Anakwenda nacho shule, anarudi nacho, sisi tunalinda iliki.

"Lete, mwanangu," bibi yake akasema.

"Nipe mimi," nikasema.

Akashusha shati, akalibana kwa mikono miwili. "Hamna. Vita bado."

"Vita gani?" baba yake akauliza.

"Vya hawa." Akatunyooshea kidole, mimi na yule. "Bibi yule wa hadithi hakukizika vitani. Alikifunga mpaka vikaisha. Nyie bado mnapigana. Nyie hata kiyoyozi mnapigana!"

Ndege ikapita juu ya paa, vikombe vikatikisika.

Bibi mwenzangu akanigeukia. "Kiburi hichi kakipata kwako."

"Na ubishi huu kautoa kwako."

"Unaona?" mtoto akasema. "Unaona?"

Tungeweza kumnyang'anya. Ni mtoto tu, na sisi tuna mikono minne. Lakini nani angeanza? Mimi niliona mkono wake na upawa umeshuka. Wangu nao ulishuka. Maana nani anamvua mtu kitovu kiunoni? Hata yule tajiri wa misafara hakuthubutu.

Tukaenda uwanja wa ndege wote kwenye gari la mwanangu. Ni pale pale karibu, hata hasira haikupata muda wa kupoa. Bibi mwenzangu alikaa mbele, na kiyoyozi akakielekezea nyuma kwangu, kwa makusudi, nilimwona mkono. Nikateremka nimeganda. Hakushuka kuniaga. Alishusha kioo kidogo tu, akanirushia lile kopo.

"Chukua iliki. Chai yako haina ladha."

"Na wewe fukia shimo lako, mtu asije akavunjika mguu."

Akapandisha kioo. Lakini uso hakuugeuza, nilikuwa namwona nyuma ya kioo.

Mjukuu wangu akanisindikiza na baba yake mpaka mahali wanapokataza watu kupita. Mimi nimevimba. Sina kitovu, sina jibu la kuwapa watu wa kwetu, nina kopo la iliki. Nikamwinamia nikamwambia, "Haya, askari wangu. Mimi ni mzee. Vita hivi vikichelewa kwisha, je?"

Akafikiri. Akashika kiuno chake juu ya sare, pale kwenye fundo. Akaning'ata sikio kwa ule mdomo wake usio na meno ya mbele.

"Nitakuja nacho, bibi. Wewe kaa mlangoni kwenu usihame. Na usiniulize kuni ziko wapi, nitakuja nazo. Bibi yangu yule wa garini ntamleta, azibebe yeye."